Kabla hujakwenda kupima mpaka wa bwawa

Novemba moja nilikuwa upande wa Chamwino wa Bwawa la Mtera, rova, kile kifaa cha kupimia kwa satelaiti, mkononi, nikiyatafuta maji. Yalikuwa mbali, mstari mwembamba unaometameta nyuma ya vigogo vya miti iliyokufa ikiwa imesimama. Kati yangu na maji palikuwa na mahindi yaliyofika magotini, na mzee akipalilia. Nilipomweleza kwamba tumekuja kuonyesha mpaka wa ardhi ya bwawa, aliegemea jembe akaniuliza: "Mpaka wa maji ya mwezi gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Kifaa nilichoshika kingeweza kunipa nafasi ya mguu wangu kwa sentimita mbili, lakini swali lile nilipaswa kuwa nimelijibu kabla ya kuondoka Dodoma mjini. Ninayaandika haya kwa wapima wenzangu, maofisa ardhi wa halmashauri, watendaji wa vijiji na kila anayejiandaa kwenda kutenganisha ardhi ya watu na ardhi ya umma iliyo chini ya maji, huku kwetu katikati ya nchi.

Anza na swali la yule mzee. Mtera inapojaa hufika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Hapo katikati pana mita nane na nusu ambazo bwawa hupanda na kushuka, kutegemea mvua za kule juu mito ya Ruaha Mkuu na Kizigo inakotoka na maji yanayoachiwa kwenda kuzalisha umeme hapo Mtera na kule Kidatu. Mita nane na nusu kwa mtu aliyesimama kwenye ukuta wa bwawa si kitu. Kwa mtu aliyesimama kwenye tambarare ni habari nyingine kabisa. Chukua mteremko wa mita moja kwa kila mita 200 za kutembea: maji yakishuka mita 8.5, ukingo unakimbia kilomita 1.7. Mpima aliyefika mwezi wa Mei na aliyefika Novemba, wote wawili wakipima "ukingo wa maji" kwa uaminifu, watarudi na ramani mbili zisizofanana hata kidogo.

Sheria zetu zinasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu za binadamu, au zinazoweza kuathiri hifadhi, ndani ya mita 60 kutoka fukwe za bahari, kingo za maziwa ya asili, mito na mabwawa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au pwani miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Hiyo mita 60 kila mtu anaijua, hata mtoto wa shule kijijini anaitaja. Kinachosahaulika ni inakoanzia. Usiondoke ofisini mpaka upate kwa maandishi, kutoka kwa aliyekutuma, mstari wa kuanzia ni upi: kimo cha bwawa likiwa limejaa, mstari uliotumika wakati ardhi ilipotwaliwa, au kitu kingine. Maandishi, si simu. Simu haiingii kwenye faili, na siku ya baraza la ardhi hakuna atakayekumbuka alikwambia nini.

Wenzetu wa pwani wanalijua jambo hili kwa jina lake. Huko mvuvi atakwambia maji ya leo ni maji mafu, subiri bamvua ndipo uone bahari inafika wapi. Bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kwa hiyo anayepima mpaka wa pwani akikosea siku anaweza kurudi baada ya wiki mbili. Sisi bamvua letu ni la mwaka, na kuna miaka halifiki kabisa.

Tena maji yetu si ya aina moja, na maandalizi ya mahali pamoja hayafai pengine. Bwawa la Hombolo ni rahisi zaidi. Lina tuta na mahali pa kumwagia maji ya ziada. Ule ukingo wa zege ndio unaoamua maji yajae mpaka wapi, na hausogei. Tope limeingia kwa wingi miaka yote hii na kina kimepungua, ila mstari wa kujaa unausoma kwenye zege. Mtera ina kimo chake kilichoandikwa. Kazi ngumu ni Bahi. Kinamasi cha Bahi na Ziwa Sulunga hayana pa kutokea. Mto Bubu na wenzake humimina humo, na maji huondoka kwa kukauka juani. Hakuna zege wala namba iliyoandikwa. Hapo unasoma ardhi yenyewe: magadi meupe yaliyobaki juu ya udongo, mahali manyasi ya majimaji yanapokoma na miiba kuanza, na takataka za mafuriko zilizonasa kwenye vichaka. Mtu anayepanga siku tatu za kazi Bahi kwa sababu Hombolo alimaliza kwa siku tatu anajidanganya.

Ukijua ni maji gani, ujue pia ni ya bonde gani, maana Dodoma inagawana maji yake kwa mabonde matatu. Mtera iko Bonde la Rufiji, Hombolo liko Wami/Ruvu, Bahi iko Bonde la Kati. Ni bodi za maji tatu tofauti, na kumbukumbu za vimo vya maji ziko huko. Omba za miaka mingi uwezavyo. Halafu tafuta karatasi za ardhi: ramani za utwaaji kama zipo, cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake, hati za hakimiliki za kimila zilizokwisha kutolewa karibu na maji, na mpango wa matumizi bora ya ardhi wa kijiji. Nimewahi kukuta hati ya kimila ambayo nusu ya shamba iko chini ya mstari wa kujaa. Aliyepewa hakuiba. Alipewa mwaka wa ukame, na aliyempa aliona nchi kavu mbele yake.

Sasa namba za mahali, zile zinazosema kigingi kisimame wapi. Hapa ndipo nitakapokaa kidogo, kwa sababu ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibikia.

Ramani zetu za zamani zimechorwa kwenye mfumo wa zamani wa kutaja mahali uitwao Arc 1960. Vifaa vya satelaiti vinafanya kazi kwenye mfumo wa kisasa, na nchi sasa ina mfumo wake mpya, TAREF11. Ukichukua namba za ramani ya zamani ukazipandisha kwenye kifaa kana kwamba ni za mfumo mpya, utasimama takriban mita 300 mbali na mahali penyewe. Mita 300, wakati ukanda unaoutafuta ni mita 60. Mimi limenikuta. Tulikabidhiwa orodha ya namba na ofisi moja, haikuandikwa ni za mfumo gani, nasi hatukuuliza. Tulichomeka vigingi siku nzima. Jioni mwenyekiti wa kitongoji alikuja, akatazama kigingi kimoja kilichokuwa katikati ya uga wa nyumba, karibu na jiko, akasema kwa upole, "Jamani, hapa maji hayajawahi kufika tangu babu yangu." Tuling'oa vyote gizani kwa tochi za simu. Mama mwenye nyumba alikuwa ameshaanza kulia, akidhani anahamishwa. Tangu siku ile sipokei orodha ya namba isiyoandikwa mfumo wake juu kabisa ya ukurasa, na kabla ya kuweka kigingi hata kimoja natafuta bikoni, yaani alama ya mpaka iliyosimikwa ardhini, ya zamani isiyo na utata, naipima, nalinganisha.

Kuna mtego wa pili ambao ni wa huku kwetu hasa. Mstari wa nyuzi 36 Mashariki, unaotenganisha kanda ya 36 na ya 37 za UTM, mfumo unaoigawa dunia vipande vipande vya ramani, unapita karibu kabisa na ukuta wa Mtera. Dodoma mjini iko kanda ya 36, Mpwapwa mjini iko kanda ya 37, na bwawa hilihili linazigusa wilaya za Chamwino na Mpwapwa, ng'ambo yake ikiwa ni Iringa. Kwa hiyo faili mbili za bwawa moja zinaweza kuja kila moja na kanda yake. Habari njema ni kwamba kosa hili linaonekana kwa macho: karibu na mstari huo, namba ya mashariki, yaani mita za kwenda mashariki, katika kanda ya 36 ni 831 elfu na ushei, na katika kanda ya 37 ni 168 elfu na ushei. Amua kanda moja kwa kazi nzima, geuza zote zifuate hiyo, kisha andika.

Kimo ndicho kigumu zaidi, na kwenye kazi ya bwawa kimo ndicho mpaka wenyewe. Usawa wa bahari unaotumika Tanzania Bara ulianzia kwenye kipimo cha maji ya bahari kule Tanga. Satelaiti haiijui bahari ya Tanga. Inapima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, na tofauti ya vimo hivyo viwili kwetu ni mita nyingi. Kwa ule mteremko wa moja kwa 200, kosa la sentimita kumi tu linausogeza mpaka mita 20. Sasa fikiria kosa la mita kumi. Na hata ukigeuza vizuri, bado hujui kama aliyeandika 698.5 alianzia kwenye alama ileile unayoanzia wewe. Ndiyo maana nashauri kimo kichukuliwe kwenye kipimo cha maji cha bwawa lenyewe, ile mistari iliyochorwa ukutani, kwa sababu ndicho wanachokisoma kila siku wanaoliendesha bwawa.

Kuna njia ya wazee wa kazi hii ambayo bado naipenda kuliko programu yoyote. Maji yaliyotulia ni meza. Mtu mmoja abaki kwenye kipimo cha ukutani, mwingine awe ukingoni mahali pa kazi, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla upepo haujaamka, wasome kwa pamoja. Kimo cha maji ni kilekile, basi umekibeba kimo kutoka ukutani hadi ulipo bila kuvuta kamba. Ili viwimbi visikusumbue, chomeka kwenye tope kipande cha bomba la plastiki lenye matundu pembeni, usome maji ndani ya bomba. Rudia asubuhi tatu. Mchana usijisumbue, upepo wa Mtera unayasukuma maji upande mmoja.

Kuhusu majira: mvua ya Dodoma ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Kama fedha inaruhusu nenda mara mbili, mwisho wa mvua uone maji yakiwa juu, na mwisho wa kiangazi uone nani anatumia ardhi iliyobaki wazi. Kama ni mara moja, nenda kiangazi: gari linapita, na watu wako shambani. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, bikoni ya kina kifupi italala ubavu ndani ya misimu miwili. Chimba zaidi, panua kitako cha zege, na uweke alama za kumbukumbu kwenye mwamba au mbuyu ulio karibu. Beba maji ya kunywa, betri za akiba na mtu wa kijijini anayejua viboko wanapandia wapi usiku. Mamba nao wapo, kwa hiyo hakuna kuingia majini kushika nguzo ya kupimia.

Watu usiwaache mwisho. Barua itangulie halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kijiji, na uombe mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kigingi cha kwanza. Ukifika amkia "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kama umejifunza, kaa chini, eleza. Wavuvi waitwe, kwa sababu kambi zao hufuata maji. Wafugaji waitwe, la sivyo bikoni itakayoziba njia ya ng'ombe kwenda kunywa haitamaliza wiki. Na wakubali wazee wakuonyeshe. Yule mzee wa Chamwino, baada ya kumaliza mstari wake wa palizi, alinipeleka hadi kwenye mbuyu mmoja akagusa gome juu kidogo ya kiuno chake. "El Niño ilishika hapa," akasema. Nilipima kimo cha kiganja chake, nikakiandika daftarini pamoja na tarehe, na ni ushahidi unaostahili kuingia kwenye ripoti sawa na picha ya satelaiti.

Jambo la mwisho nalo limalizwe ofisini, kwa sababu shambani utaulizwa tu: "Na mahindi yangu?" Mpima hana mamlaka ya kulijibu. Halmashauri, bodi ya bonde na wenye bwawa wakubaliane kabla, waandike kama mazao yaliyopo yatavunwa kwanza, kama kilimo cha msimu kwenye ardhi iliyoachwa na maji kitaruhusiwa, na nani atalipa fidia pale mtu anaposhika hati halali. Sisi safari ile tulirudi Dodoma kuitafuta hiyo barua. Ilichukua wiki tano, na tulipofika tena Mtera mahindi yale yalikuwa yameanza kutoa mbelewele.