Bustani ya nyumbani kiangazi: acheni kumwagilia juu juu

Mvua zikikatika Mei, bustani nyingi za nyumbani kuanzia Mbeya hadi Iringa huwa nzuri mpaka Julai. Ikifika Septemba chinese imetoa maua ikiwa na majani manne, spinachi ina majani magumu, nyanya zinaoza kitako. Mwenye bustani anakwenda duka la pembejeo kununua dawa. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Anamwagilia kila siku, lakini maji hayafiki kwenye mizizi.

Fanyeni hesabu. Tuta la mita 1 kwa mita 5 lina mita 5 za mraba. Keni moja ya lita 10 ikimwagwa juu yake, kila mita ya mraba imepata lita 2, yaani kina cha milimita 2 tu za maji. Jua kali la Septemba hadi Novemba, pamoja na upepo, huondoa milimita 4 hadi 5 kwa siku. Kwa hiyo mmea unadaiwa kila siku na deni halilipwi. Udongo wa juu unaonekana mweusi, umelowa, mtu anaridhika. Chimba kwa kisu sentimita 5 tu chini yake, utakuta vumbi. Mizizi nayo hufuata maji: ikiyapata juu tu, inabaki juu, mahali penye joto zaidi na panapokauka kwanza. Mboga ya namna hiyo ukiikosesha maji siku moja inalala.

Kipimo kwa tuta hilo la mita 5 za mraba ni hiki. Juni na Julai, kukiwa na baridi, lita 60 kila siku ya nne, sawa na ndoo tatu za lita 20. Kuanzia Septemba, lita 75 kila siku ya tatu, yaani ndoo nne kasoro kidogo. Udongo wa kichanga haushiki maji mengi, kwa hiyo gawanya: lita 50 kila baada ya siku moja. Kwenye mfinyanzi mwekundu usimwage ndoo zote kwa mkupuo, maji yatakimbilia njiani. Pita mara tatu, ukisubiri yazame kila mara. Saa moja baada ya kumaliza, chimba pembeni ya tuta. Unyevu uwe umefika sentimita 20. Usipofika, hujamwagilia, hata kama mgongo unakuuma kwa kubeba ndoo.

Wapo watakaosema maji ya bomba ni ya mgao na kisima kiko mbali. Ni kweli, na kipimo hiki kinataka maji mengi kuliko keni moja ya kila jioni. Basi punguza matuta, usipunguze maji. Tuta moja lililoshiba litalisha nyumba kuliko matuta matatu yenye kiu, na mbolea na mbegu ulizotia kwenye hayo matatu ni fedha iliyopotea.

Isipokuwa miche. Mbegu zinazoota na miche iliyohamishwa inahitaji maji kidogo kila siku kwa siku 7 hadi 10 za kwanza, kwa sababu mizizi yake bado ni mifupi. Baada ya hapo anza kurusha siku moja, kisha mbili. Kosa kubwa ni kuendelea na mtindo wa miche mpaka mboga imekomaa.

Nyanya zilizopandwa sentimita 60 kwa 50 zipewe lita 4 hadi 5 kila mche, kila siku ya tatu, kwenye shina na si kwenye majani. Doa jeusi lililobonyea chini ya tunda linatokana na maji ya kupanda na kushuka: kalisi, madini ambayo tunda linayahitaji, husafiri na maji ndani ya mmea, na maji yakikatika haifiki kwenye tunda linalokua. Dawa ya ukungu haitibu hilo. Msiinunue.

Muda ni asubuhi, saa 12 hadi saa 2. Njombe, Makete, Mufindi na milima ya Uporoto, Juni hadi Agosti, kumwagilia jioni ni kualika bakajani, ugonjwa unaounguza majani: majani yanalala yamelowa usiku mzima kwenye baridi. Oktoba, kwa sehemu zenye joto kama Usangu, jioni inaruhusiwa ikiwa maji yanaelekezwa kwenye udongo tu.

Halafu matuta yenyewe. Tuta lililoinuka ni la masika, la kutoa maji. Wengi huliacha hivyo hivyo kiangazi, na kila ndoo inateremka pembeni. Tengeneza tuta la makingo: chota udongo sentimita 10, uupange pembeni kuwa kingo za sentimita 15, sawazisha katikati vizuri, changanya ndoo moja ya lita 20 ya samadi iliyooza kwa kila mita ya mraba. Funika kwa nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 8, ukiacha sentimita 5 kuzunguka shina ili sota, viwavi wanaokata miche, wasijifiche hapo. Makambako na kwingine kwenye upepo, simamisha uzio wa mabua ya mahindi upande upepo unakotoka. Wenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, wana unyevu wa chini, kwao kipimo kitakuwa kidogo. Wachimbe kwanza ndipo wamwage.

Mbolea ya kukuzia, kizibo kimoja cha soda cha CAN kwa mche, iwekwe siku ya kumwagilia tu, sentimita 10 kutoka kwenye shina. Kwenye udongo mkavu inaunguza mizizi.

Bustani iliyoshiba haisinyai kirahisi saa 8 mchana.

Mvua za kwanza za Novemba zikishika, fungueni kingo upande wa chini wa mteremko siku hiyo hiyo. Makingo yakijaa maji ya mvua siku mbili tatu, mizizi itaanza kuoza.