Kabla ya Kusafiri na Gari-Nyumba Kwenye Baridi Kali: Mambo ya Kuzingatia

Gari-nyumba, liwe ni motohomu inayojiendesha au karavani ya kuvutwa, lina kila kitu cha nyumba: jiko, choo, bafu, mabomba, taa. Tofauti iko kwenye kuta. Nyingi zina unene wa sentimita 3 hadi 5 tu, na mabomba yaliyopita chini ya sakafu hupigwa na upepo moja kwa moja. Baridi ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri, unalindwa na mnyororo mmoja: gesi inawaka kwenye hita, feni inasambaza joto, betri inazungusha feni. Betri ikilegea saa tisa usiku, feni inapunguza mwendo. Ndani ya hita nyingi kuna swichi ndogo inayopima upepo wa feni, nayo ikiona upepo hautoshi hairuhusu gesi kufunguka. Mtungi umejaa, lakini hita imezima. Alfajiri maji yaliyobaki kwenye kiwiko cha bomba nyuma ya choo yameshaganda, na bomba lina ufa ambao hutauona mpaka barafu iyeyuke.

Maandalizi basi yaanze wiki kadhaa kabla ya safari, na yaukague mnyororo huo kiungo kwa kiungo.

Maji: amua kwanza utasafiri nayo au bila

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na hakuna kiungio cha plastiki kinachostahimili hilo kila mara. Ingia chini ya gari ukiwa na tochi. Kama matangi na vali zake vimefungiwa ndani ya sakafu ya pili inayopata joto la hita, unaweza kusafiri na maji. Kama matangi yananing'inia wazi, usibahatishe: kausha mfumo wote, beba maji ya kunywa na kupikia kwenye madumu ndani ya gari, na utumie choo kwa maji yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kuganda. Ni usumbufu kidogo, lakini ni nafuu kuliko kubadilisha pampu na boila, yaani tangi la kupashia maji moto.

Kukausha kuna mpangilio wake. Zima boila, umeme na gesi yake, kisha iache ipoe kabisa. Fungua koki ya maji moto ili presha itoke, ndipo ufungue tundu la kutolea maji la boila. Fungua koki zote, za moto na za baridi, bila kusahau bafu la nje kama lipo, na bonyeza maji ya choo. Fungua vali za chini za mabomba. Washa pampu kwa dakika moja isukume mabaki, kisha izime. Ukiwa na kompresa, puliza hewa kwa presha isiyozidi bar 2, koki moja baada ya nyingine. Toa kichungi cha maji ya kunywa kwenye kikasha chake.

Halafu tazama kikombe kidogo cha plastiki angavu kilicho kabla ya pampu, chenye wavu wa kunasa takataka. Kifungue kwa mkono, mwaga maji, kikaushe. Hukaa na maji vijiko viwili vitatu hata baada ya mfumo wote kukauka, na mara nyingi ndicho cha kwanza kupasuka. Ufa wake ni mwembamba kama unywele. Pampu itavuta hewa badala ya maji, na utahangaika kutafuta tatizo kwingine kote.

Mwisho pitisha dawa ya kuzuia kuganda iliyotengenezwa kwa propilini glaikoli, ile ya mabomba ya maji ya kunywa, ambayo mara nyingi ina rangi ya waridi. Usitumie ya rejeta ya injini: hiyo kwa kawaida ni ethilini glaikoli, nayo ni sumu. Kabla ya kuivuta kwa pampu, geuza vali za kuruka boila, zinazofanya kinachopita mabombani kisiingie ndani yake. Ukizisahau, boila italala na lita 20 au zaidi za dawa bila faida yoyote. Kwa gari la ukubwa wa kawaida lita 8 hadi 12 zinatosha. Fungua kila koki mpaka utoke mmiminiko wa waridi usiokatika, kisha mimina kikombe kimoja kwenye kila tundu la kutolea maji, la sinki, la beseni na la bafu, maana ile kona iliyo chini yake huwa na maji siku zote.

Ukiamua kusafiri na maji, acha milango ya makabati ya chini ya sinki wazi usiku ili joto liyafikie mabomba. Jaza tangi la ndani, kisha chomoa mpira wa kujazia, umwage maji yake na kuuhifadhi. Mpira ulioachwa umeunganishwa nje utakuwa fimbo ya barafu kabla ya asubuhi. Vali za maji machafu zibaki zimefungwa mpaka siku ya kumwaga. Wengi huiacha wazi ya maji ya sinki wakidhani yatatiririka tu, kumbe mtiririko mwembamba ndio unaoganda haraka, tabaka juu ya tabaka, hadi bomba lote linaziba. Lita mbili za dawa ya waridi ndani ya tangi la maji machafu huilinda vali.

Jambo moja huwatia watu hofu bure. Magari mengi yaliyotengenezwa Ulaya yana vali ya usalama kwenye boila inayofunguka yenyewe halijoto ikikaribia nyuzi 3 juu ya sifuri. Unaamka na kukuta tangi tupu na kidimbwi cha barafu chini ya gari. Vali haijaharibika, imefanya kazi yake. Usiifunge kwa kibanio cha nguo. Pasha gari joto kwanza, ndipo uifunge na kujaza maji upya.

Gesi

Soma mtungi wenyewe, usiamini rangi yake. Butani huacha kugeuka mvuke karibu na nyuzi sifuri, ilhali propani huendelea mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Mtungi wa mchanganyiko unaweza kukuhadaa: propani inatoka kwanza, usiku wa kwanza unapita vizuri, wa pili moto unafifia huku mtungi bado mzito. Kwa baridi kali nunua propani tupu.

Kisha piga hesabu. Hita yenye nguvu ya kilowati 9 hula karibu gramu 700 za gesi kwa saa inapowaka mfululizo. Mtungi wa kilo 11 basi unatosha kwa muda wa saa 16 hivi. Ikiwaka nusu ya muda, unapata saa 32, yaani siku moja na theluthi. Hita ndogo ya kilowati 4 hula chini ya nusu ya hapo. Beba mitungi miwili iliyounganishwa na rigyuleta (kifaa cha kudhibiti presha ya gesi) inayohamia mtungi wa pili yenyewe mmoja ukiisha, kwa sababu mtungi una kawaida ya kuisha usiku wa manane. Mitungi isimame wima wakati wote. Bomba la mpira litoke kwenye rigyuleta likishuka kuelekea mtungini, ili unyevu usikusanyike na kuganda ndani ya rigyuleta.

Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na aliyelala huenda asiamke. Weka king'ora chake karibu na kimo cha kitanda, king'ora cha gesi ya kupikia kikae karibu na sakafu kwa kuwa propani ni nzito kuliko hewa, na angalia tarehe ya kuisha muda iliyoandikwa mgongoni mwa kila kimoja. Bonyeza kitufe cha kujaribia kabla ya kuondoka. Theluji ikianguka, toka nje usafishe tundu la moshi la hita kila baada ya saa chache, hata kama ni usiku. Jiko la kupikia lisitumike kupashia gari joto kwa hali yoyote.

Umeme

Hapa ndipo safari nyingi za baridi huharibika. Feni ya hita kubwa huvuta ampea 6 hadi 8. Tuseme 7, na usiku wa saa 14 hita inawaka nusu ya muda: hizo ni ampea-saa 49. Ongeza pampu, taa, simu na saketi ya friji, utakaribia 65. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, na kwenye baridi kali hata hiyo nusu haitoi yote. Betri moja basi haikufikishi asubuhi. Weka mbili, au lithiamu.

Betri ya risasi iliyojaa haigandi kirahisi, lakini iliyoisha asidi yake inakaribia kuwa maji, nayo itaganda na kupasua kasha. Ipime ikiwa imetulia kwa saa chache: volti 12.7 imejaa, volti 12.1 iko nusu. Lithiamu ina sharti lingine: inaweza kutoa umeme chini ya sifuri, lakini isichajiwe. Ukiichaji ikiwa chini ya sifuri, lithiamu hujibandika kama metali juu ya elektrodi na betri haiponi tena. Iweke ndani ya gari, au hakikisha ina kinga inayokata chaji. Sola usiihesabu sana: jua liko chini, mchana ni mfupi, na tabaka jembamba la theluji linatosha kuizima.

Unyevu

Mtu mmoja hutoa robo lita ya maji au zaidi kwa pumzi na ngozi katika usiku mmoja, na kila kilo ya propani inayoungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke. Hita yenye bomba la moshi huutupa nje. Hita ya kuweka sakafuni isiyo na bomba huumwaga wote ndani, pamoja na gesi hatari, kwa hiyo iache nyumbani. Fungua tundu la paa kidogo, kama upana wa kidole, na dirisha moja mkabala nalo. Utapoteza joto kiasi, lakini bila hivyo maji yatatiririka madirishani na kuingia ukutani. Inua godoro kila asubuhi: chini yake ndiko kuna ubaridi, na ukungu huanzia hapo. Ziba vioo kwa mapazia mazito ya foili, vya mbele hasa, na kwa nje ikiwezekana.

Gari lenyewe

Tairi ziwe za baridi, zenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji. Kina cha kashata kisipungue milimita 4, hata kama sheria inaruhusu chini ya hapo. Presha hushuka karibu psi 1 kwa kila nyuzi 5 hadi 6 za baridi, kwa hiyo pima asubuhi kabla ya kuondoka, si baada ya kukaa kwenye gereji yenye joto. Minyororo ya theluji hufungwa kwenye magurudumu yanayosukuma gari. Jifunze kuifunga kwenye ardhi kavu, ukiwa umevaa glavu, kabla ya kulazimika kuifunga gizani. Baada ya mita mia chache simama uikaze tena, na usizidi kilomita 50 kwa saa.

Dizeli ya majira ya joto hutoa nta inayoziba kichungi. Jaza dizeli ya majira ya baridi kabla ya kufika penye baridi. Dawa ya kuongeza hufanya kazi ikitiwa kabla ya nta kujitokeza, siyo baada. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ethilini glaikoli kwenye rejeta hulinda hadi karibu nyuzi 37 chini ya sifuri. Maji ya waipa nayo yabadilishwe kwa yasiyoganda.

Unapoegesha, epuka bondeni ambako hewa baridi hutuama. Weka mbao chini ya miguu ya jeki zisigandamane na ardhi. Breki ya mkono iliyolowa inaweza kuganda ikiwa imefungwa, kwa hiyo penye tambarare weka kabari kwenye magurudumu na utie gia badala yake. Vyumba vya kusukuma nje, vile vinavyotokeza ubavuni gari likiegeshwa, visirudishwe kabla ya kufagia barafu juu yake, la sivyo mpira wa kuzibia utachanika. Paa nalo lifagiwe kabla ya kuingia barabarani. Bamba la barafu likiteleza wakati wa breki huangukia kioo chako, au gari la nyuma yako.

Beba koleo, mchanga kidogo, kikwangua barafu, kikausha nywele cha kuyeyushia vali, fyuzi za akiba, blanketi na chakula cha siku mbili kisichohitaji kupikwa.

Kisha, wiki moja kabla, lala usiku mmoja ndani ya gari likiwa limeegeshwa nyumbani, usiku wa baridi, bila kuliunganisha na umeme wa nyumba. Weka vipimajoto vitatu: kimoja kwenye kabati la chini ya sinki, kimoja karibu na tangi la maji, kimoja kando ya betri. Vitazame alfajiri kabla ya kuongeza moto. Kile cha chini ya sinki kikisoma chini ya nyuzi 4 huku wewe umelala kwenye nyuzi 18, joto halifiki kwenye mabomba. Tafuta kwanza linakopotelea, na ukishindwa kulipata, safiri na mabomba makavu.