Kabla ya Kwenda Warsha ya Yoga ya Mtiririko Bagamoyo

Warsha inayochukua saa tatu haifanani na darasa la kila wiki. Mwalimu mzoefu atachukulia kwamba mikao ya msingi unaijua, na muda wake ataumalizia kwenye yale yanayotokea kati ya mkao mmoja na mwingine. Katika yoga ya mtiririko, yaani vinyasa, hapo ndipo kazi ilipo: kila mwendo una pumzi yake, kuinuka kwa kuvuta, kuinama kwa kutoa. Kwa hiyo fika ukiwa na pumzi iliyozoea kuongoza na mikono inayoweza kubeba mwili. Vitu vingine vyote vinanunulika au kuazimwa.

Anza wiki mbili au tatu kabla. Chukua salamu ya jua ya kwanza, Surya Namaskara A, yaani mfululizo mfupi wa kusimama, kuinama, kushuka sakafuni na kurudi kusimama, basi. Fanya mizunguko mitatu kila asubuhi wiki ya kwanza, kisha mitano. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, toa vivyo hivyo, na pumzi itangulie kidogo kabla mwili haujasogea. Ukianza kuhema kwa mdomo, punguza mwendo.

Wengi huumia wanaposhuka kutoka ubao, mwili ukiwa umenyooka juu ya viganja na vidole vya miguu, kwenda chaturanga, mwili uleule ukiwa umeshushwa karibu na sakafu kwa kukunja viwiko. Pumzi ikiwaishia, huporomoka haraka, viwiko vikatanuka pembeni na mabega yakashuka chini ya viwiko. Hapo uzito huhamia mbele ya bega, na mwendo huo ukirudiwa mara thelathini au arobaini kwa siku moja, bega litalalamika kesho yake. Jizoeze ukiwa umepiga magoti: viwiko viguse mbavu, kifua kitangulie mbele kidogo, shuka kwa pumzi nzima ya kutoa, na usimame viwiko vinapofika nyuzi 90. Kama huwezi kusimama hapo, basi siku ya warsha pia weka magoti chini. Mwalimu mzuri hatakudharau; ataona unajua mpaka wako.

Maumivu ya kifundo cha mkono mara nyingi hutoka kwenye kuegemea kisigino cha kiganja. Tandaza vidole, kandamiza chini shina la kidole cha shahada na la gumba. Bado kunauma? Kunja khanga mara kadhaa uiweke chini ya kisigino cha kiganja ili pembe ya kifundo ipungue. Khanga hiyohiyo ikisokotwa ni mkanda wa kuvutia miguu, na mwishoni, mtakapolala chali, hukufunika jasho linapopoa. Beba mbili.

Mkeka wa ukindu haufai: huteleza sakafuni na viganja huteleza juu yake. Tafuta wa mpira wenye unene wa milimita 4 hadi 6. Mnene kuliko huo huyumbisha kifundo cha mguu unaposimama kwa mguu mmoja. Pwani yetu ina unyevu mwingi, jasho halikauki, basi taulo dogo la mikono ni la lazima. Fulana ichomekwe au iwe ya kubana, maana kichwa kikiwa chini iliyolegea hufunika uso. Anayevaa hijabu achague ya kitambaa cha jezi, isiyo na pini.

Chakula kizito, kama maharage ya nazi na chapati, kiishe saa tatu kabla. Uji mwepesi au ndizi mbivu vinatosha saa moja na nusu kabla. Kunywa nusu lita ya maji taratibu katika saa mbili za mwisho, kisha funda dogodogo. Dafu ni zuri baadaye, lakini lina chumvi kidogo kuliko unayoipoteza kwa jasho, kwa hiyo ule na kitu chenye chumvi.

Ikiwa ni ufukweni, uliza mapema. Mchanga laini hudidimiza kisigino cha kiganja, jambo linaloumiza vifundo maradufu. Mchanga mgumu uliolowa au baraza ya saruji ni bora. Bagamoyo inatazama mashariki, jua la asubuhi litakupiga machoni. Siku za bamvua maji hupanda juu sana, hivyo mwandaaji awe amepima nafasi.

Ndani ya ukumbi, mgeni asikae mstari wa mbele. Mtiririko ukigeukia nyuma hutakuwa na wa kumtazama. Kaa katikati.

Kabla ya kuanza, mweleze mwalimu faraghani: presha isiyotulia, glakoma (ugonjwa wa macho), ujauzito, bega lililowahi kuteguka, dawa za kisukari. Kichwa kuwa chini huongeza shinikizo machoni, na mwenye glakoma hubadilishiwa mikao hiyo. Walimu wengi hurekebisha kwa kugusa. Kama hutaki, sema hapohapo, huhitaji kutoa sababu. Njoo pia na swali moja kuhusu mwendo unaokukwamisha, uonyeshe kwa mwili badala ya kulieleza, kwa kuwa mwenye jicho atagundua kosa lilikoanzia, ambalo mara nyingi liko mikao miwili nyuma ya pale panapouma.