Kikombe cha Kahawa na Daftari: Kujitunza Baada ya Kupunguzwa Tumbo

Ikiwa juzi umerudi nyumbani kutoka operesheni ya kupunguzwa tumbo ili uzito ushuke, na mshono bado wakuvuta, tafuta kikombe kidogo cha kahawa chungu, kile kisicho mkono. Changu nilikipima kwa sirinji ya dawa ya mtoto, kikaingia mililita 60. Ndicho nilichonywea miezi miwili ya mwanzo. Nilipasuliwa Nairobi nami naishi Mombasa, kwa hivyo siku nyingi daktari alikuwa mbali, na cha kuniongoza nyumbani kilikuwa kikombe hicho na daftari la shule.

Operesheni yangu ni ile inayoondoa takriban robo tatu ya tumbo au zaidi, linabaki kama mrija mwembamba. Mrija huo haupokei kitu kwa pupa. Wiki mbili za kwanza ni vyakula vya majimaji tu: maji, supu ya kuku iliyochujwa, maziwa yasiyotiwa sukari. Piga funda moja, tulia, kisha jingine. Kila kikombe kikiisha nilichora mstari daftarini. Vikombe 25 ni lita moja na nusu, na hapo ndipo pa kulenga. Siku za mwanzo sikufika, lakini mistari ilinionyesha napanda. Kwa joto letu la Januari, mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi, jua maji hayajatosha.

Wiki ya tatu na ya nne huja vilivyosagwa, kisha vilivyo laini kama yai, samaki wa kuchemsha na mbaazi zisizo tui zito. Tarehe zako fuata za daktari wako. Kwenye sahani anza na protini, gramu 60 kwa siku au zaidi. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa kama 8. Kwa hivyo samaki kwanza, ugali mwisho. Mkate, chapati na wali mkavu hukwama kifuani, na maumivu yake si madogo. Tafuna mpaka chakula kiwe uji mdomoni. Usinywe ukila, ngoja nusu saa. Mimi nikishiba pua huanza kuchuruzika, na hapo naweka kijiko chini hata kama limebaki tonge moja.

Vitamini ni za maisha yote, na hapa nataka unisikilize sana. Mwezi wa tano nilianza kuishiwa pumzi nikipanda ngazi. Nilipopimwa, himoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa imeshuka hadi 9.2. Kumbe kila asubuhi nilikuwa nameza kidonge cha madini ya chuma kwa chai ya maziwa, na chai na maziwa vyote huzuia chuma kuingia mwilini. Nesi hakuwa ameniambia, nami sikuuliza. Sasa chuma nakimeza usiku kwa maji, kalsiamu mchana, mbalimbali kwa saa mbili au zaidi. Damu ipimwe baada ya miezi 3, 6 na 12, kisha kila mwaka, pamoja na vitamini B12 na D, hata ukijiona mzima kabisa.

Ukienda duka la dawa kwa maumivu ya kichwa au mgongo, sema kwanza kwamba umepasuliwa tumbo. Diklofenaki na ibuprofeni zaweza kuleta vidonda humo, omba parasetamoli. Kama unatumia dawa za sukari au presha, jipime nyumbani na umpigie daktari mapema, kwa sababu kiasi cha dawa cha zamani chaweza kukuangusha. Usizikate mwenyewe. Ujauzito nao usubiri miezi 12 hadi 18.

Mapigo ya moyo yakipita 120 nawe umekaa, au homa, au maumivu ya tumbo yanayozidi, au bega la kushoto likiuma, au pumzi ikikatika, au muundi mmoja ukivimba, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe saa nane usiku, na barua yako ya kutolewa wodini mkononi. Kutapika kusikokoma siku mbili pia usikuvumilie nyumbani. Mwili huishiwa vitamini B1, na mishipa ya fahamu huumia.

Nywele zilinitoka kwa mafungu kuanzia mwezi wa tatu. Zimerudi.

Kilichonitoa machozi zaidi ni watu. Mavyaa yangu alinipikia pilau wiki ya pili, akaketi mbele yangu: “Mwanangu, kula japo kidogo, utakufa na njaa.” Alikuwa na hofu ya kweli. Kumkatalia kila siku kulinichosha, basi kliniki iliyofuata nilimwomba twende sote. Mtaalamu wa lishe akampa yeye kikombe cha mfano akishike, akamweleza tumbo langu sasa lina nafasi gani. Njiani kurudi hakusema kitu mpaka Voi. Kesho yake alinichujia supu mwenyewe.

Kwa hivyo ukienda kliniki chukua daftari, vidonge vyote katika mfuko mmoja, na yule wa nyumbani anayekuhangaikia kuliko wote. Wangu ndiye humkumbusha daktari maswali niliyoyasahau, na huwa ameyahesabu tangu kwenye basi.