Mishipa ya miguu kwa mama wa sokoni Kadutu

Mama zangu mnaosimama Kadutu kutwa nzima, ile mishipa ya buluu iliyojikunja miguuni, varisi, si uchawi wala damu chafu. Vali, yaani vilango vidogo vya ndani ya mshipa, zimelegea, damu inarudi chini na kutuama. Soksi za kubana zivaliwe asubuhi kabla ya kushuka kitandani, mguu haujavimba bado. Mwenye kisukari amuulize daktari kwanza. Mezani pako inua visigino, shusha, rudia: shavu la mguu ndilo linalosukuma damu juu. Jioni lala miguu ipite moyo, dakika 15. Kuna pia sindano ya kuziba mshipa, bila kupasuliwa. Ila mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usiukande, nenda hospitali siku hiyohiyo.