Jinsi ya kutoa jarida lako mwenyewe la sanaa, mitindo na msosi

Wengi wanaotaka kutoa jarida wanaanza na jina na logo afu wanakwama hapohapo maana hawana cha kuweka ndani. We tafuta kwanza kitu kimoja ambacho sanaa, nguo na chakula vyote vinakutana. Mi toleo la kwanza ningefanya la khanga. Nenda Mtaa wa Uhuru pale Dar kwenye maduka ya khanga na vitenge, michoro ipo, nguo ndo hizo zimetundikwa, na mama lishe anayewapikia wauzaji kajifunga khanga hiyohiyo, yani hata nauli ya pili huhitaji.

Saizi chukua A5, karatasi za A4 zinakunjwa katikati na kupigwa pini. Kila karatasi inatoa kurasa 4, kwahiyo idadi lazima igawanyike kwa 4, karatasi 8 zinakupa kurasa 32 na kwa kuanzia zinatosha kabisa. Sasa raha iko hapa: khanga ina kama sentimita 150 kwa 110, umbo lake karibu sawa na A4 iliyolala, so khanga nzima na pindo zake nne inaenea kwenye ukurasa wa 16 na 17, katikati kabisa ya jarida. Iweke hapo na sio kwingine, maana zile kurasa mbili ni karatasi moja. Ukiiweka kwingine jina la khanga linakatika nusu huku nusu kule, karatasi zikisogea kidogo tu maandishi yanapishana. Afu ongeza picha milimita 3 kila upande, la sivyo mashine ya kukatia ikisogea kidogo inaacha mstari mweupe pembeni.

Picha ziwe dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi), na faili libadilishe liwe CMYK, yani zile rangi nne za kuchapia, kabla hujalipeleka kwa wachapaji. Nyekundu ya khanga ya kisutu kwenye simu inawaka, kwenye karatasi inaweza kupoa vibaya, kwahiyo dai kopi moja ya mfano kabla hawajachapa zote, hata wakinuna.

Kwenye msosi usikubali "chumvi kiasi". Mama lishe anapima kwa kiganja, we nenda na mzani mdogo, kila anachotaka kutia sufuriani mwombe aanze kutia kwenye bakuli, pima, andika, mrudishie. Atakucheka, freshi tu. Mlipe muda wake, na kama ameridhia jina lake liandikwe sawa na la mpiga picha.

Kuuza, acha kopi kwa mali kauli: saluni, kwa mafundi cherehani, kwenye migahawa. Daftari liwe na tarehe, idadi na sahihi ya aliyepokea, bila sahihi hizo hela utazisikia tu.

Na kabla hujachapa pitia Idara ya Habari Maelezo uulizie leseni, Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inagusa machapisho pia.