Sarafu za Kirumi zenye wanyama: kuchagua, kupima na kuzitunza Tanga

Anza na mbwa mwitu jike anayewanyonyesha pacha Romulus na Remus, waanzilishi wa Roma katika ngano. Sarafu hizi za shaba zilipigwa kwa wingi tangu miaka ya 330, enzi za kaizari Konstantino. Upande wa mbele una maneno VRBS ROMA na kichwa cha Roma, mungu wa kike wa mji huo, aliyevaa kofia ya chuma. Upana ni milimita 17 hivi, uzito gramu 2 hadi 2.5. Kwa kuwa ziko nyingi, bei yake haiumizi hata ukikosea.

Macho yakizoea, nenda kwenye fedha za mwaka 248, Roma ilipoadhimisha miaka 1,000 chini ya kaizari Filipo Mwarabu. Zimeandikwa SAECVLARES AVGG, na chini ya miguu ya mnyama kuna namba ya karakana: simba ni I, mbwa mwitu ni II, kiboko ni IIII. Kiboko yuko kwenye sarafu ya mke wa Filipo, Otacilia Severa, na kwa maoni yetu ndiye wa kutafutwa kwanza. Aliyewaona viboko wa Mto Wami hatahitaji kuambiwa ni mnyama gani.

Kabla ya kulipa, pima kwa mzani wa sonara unaosoma hadi tarakimu mbili baada ya nukta. Fedha hizi huwa karibu na gramu 4. Tofauti ya nusu gramu ni ya kawaida. Kisha shika lenzi. Sarafu ya kweli ilipigwa kwa nyundo, ya bandia mara nyingi humiminwa kwenye kalibu, ndiyo maana ina vitobo vidogo, herufi butu kama sabuni iliyotumika, na mstari wa kiungo ukingoni. Sarafu mbili kufanana picha si kosa, maana muhuri mmoja ulipiga nyingi. Zikifanana hadi ufa na umbo la ukingo, ziache zote mbili.

Usinunue iliyookotwa Tongoni wala Kaole. Vitu vya magofu vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na sarafu ikishang'olewa ardhini, habari ya tabaka ilimokaa imepotea.

Sasa utunzaji, ambao Tanga ndio kazi kubwa. Chumvi ya kloridi iliyojificha ndani ya shaba ikipata unyevu huila sarafu. Dalili yake ni unga wa kijani kibichi unaotoka ukiuchokoa kwa kijiti cha meno na kuacha shimo. Kijani kigumu, laini, kinachong'aa ni ngozi ya sarafu, usikiguse. Mgonjwa mtenge, mloweke kwenye maji yaliyokenekwa ya kuongezea betri (soma chupa vizuri, isiwe asidi), ubadilishe kila siku kwa wiki moja au mbili. Maji hupunguza chumvi tu. Kinachozuia ugonjwa kurudi ni ukavu.

Ndimu, majivu na dawa ya meno visikaribie. Vinaondoa ngozi iliyochukua karne nyingi kujengeka, na thamani inaondoka nayo.

Hifadhi kila sarafu kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, si mfuko wa plastiki laini ya PVC, ambao huacha utelezi wa kijani. Bahasha ziingie kwenye kopo lenye mfuniko wa mpira pamoja na gramu 50 za chembe za silika, zinazonyonya unyevu na kubadilika rangi zikishiba. Masika chungulia kila wiki. Rangi ikigeuka, zioke chembe kwenye joto la nyuzi 110 kwa saa mbili, zipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo uzirudishe.